Daftari Lisilo na Bawabu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Hawakuwa na sababu ya kuuliza itakuwaje daftari lenyewe likiisha bila habari, kwa kuwa daftari la karatasi huonyesha madhara yake: ukurasa uliochanika huonekana, na wino uliomwagikiwa maji huacha doa. Daftari la kompyuta laweza kufunguka vizuri, likaorodhesha majina yote kwa mpangilio, ilhali michango ya mwezi mzima haimo.

Jambo hilo lilimkabili katibu wa chama kimoja cha kuzikana nchini Uingereza. Wanachama ni watu wa pwani na jamaa zao. Kila kaya hutoa mchango mdogo kila mwezi, na anapofariki mmoja wao, chama hulipia kaburi au gharama ya kuusafirisha mwili hadi kwao. Kanuni ni fupi: kaya iliyolipa hadi mwezi uliopita huhudumiwa siku ileile, iliyoacha kulipa husubiri kikao cha kamati. Kwa kuwa wengi wao ni Waislamu, nao hawapendi maiti acheleweshwe, mstari mmoja wa daftari ndio unaoamua iwapo wafiwa watapigiwa simu ya pole au simu ya maswali.

Madaftari ya karatasi yalipojaa, kijana mmoja wa jamii hiyo aliandika programu ndogo inayohifadhi kumbukumbu kwa SQLite. Chaguo hilo lilikuwa la busara. SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, alipokuwa akishughulikia programu ya manowari ya Jeshi la Majini la Marekani. Programu ile ilitegemea seva ya hifadhidata, na seva ilipozimika, nayo ilikwama. Hipp akawaza hifadhidata isiyohitaji seva kabisa, inayoishi ndani ya programu na kuweka kila kitu katika faili moja. Leo hii imo katika simu za Android na iPhone, haina malipo, wala haina mwenye hakimiliki.

Walakini wepesi huo una gharama yake. Seva ni bawabu wa hifadhidata: hupokea kila ombi, hupanga foleni, na hakuna agusaye data bila kupitia kwake. SQLite haina bawabu. Faili limelala kwenye folda kama faili jingine lolote, na yeyote mwenye ruhusa aweza kulifungua, kulinakili au kulihamisha. Matatizo mengi ya watumiaji wake huanzia hapo, na aghalabu utatuzi wake ni kutambua ni kazi ipi ya bawabu iliyobaki bila mtu wa kuifanya.

Tatizo la kwanza kumfikia katibu lilikuwa ujumbe usemao kwamba hifadhidata imefungwa kwa kufuli. Alikuwa ameifungua programu ya chama, na papo hapo amelifungua faili lilelile kwa chombo kingine cha kutazamia majedwali, akabadilisha anwani moja bila kuthibitisha badiliko lake. SQLite huruhusu wasomaji wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi ni mmoja tu. Yule aliyeanza kuandika asipomaliza, wengine husimama nje. Dawa ni kumtafuta mwenye kufuli na kumfanya amalize. Kisha zipo hatua mbili za kupunguza usumbufu. Ya kwanza ni kuweka busy_timeout, kwa sababu SQLite yenyewe, isipoagizwa, haisubiri hata nukta moja. Ikipewa sekunde 5, kufuli nyingi hufunguka bila mtumiaji kujua. Ya pili ni kuwasha hali ya WAL, iliyopatikana tangu mwaka 2010, ambayo huwaacha wasomaji waendelee kusoma wakati mwandishi anaandika.

Baadhi ya watu, wakiona kufuli, hutazama kwenye folda, wakakuta faili dogo ambalo jina lake linaishia kwa -journal au -wal, wakalifuta wakidhani ni takataka. Hapo ndipo usumbufu wa dakika tano hugeuka msiba. Faili hilo ni sehemu ya daftari. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ndilo linalotumiwa kuirudisha hifadhidata katika hali sahihi. Likifutwa, kinachobaki chaweza kuwa nusu ya badiliko lililokatika.

Ujumbe wa kufuli, pamoja na kero yake, una fadhila ya kusema. Yapo makosa yanayonyamaza. SQLite ikielekezwa kwenye faili lisilokuwapo, mara nyingi hailalamiki, bali huunda faili jipya tupu. Herufi moja ya njia ya folda ikikosewa, ujumbe huja kwamba jedwali halipo. Na ikiwa programu imezoea kuunda majedwali yake inapoanza, hakuna ujumbe wowote, ila daftari jeupe. Mwenye busara huangalia kwanza jina kamili la faili lililofunguliwa, kabla ya kuamini kuwa data imepotea.

Kosa la kimya lililokitikisa chama lilikuja kwa njia nyingine. Mweka hazina aliishi mji mwingine, hivyo faili likawekwa katika folda inayosawazishwa kupitia intaneti baina ya kompyuta mbili. Mwishoni mwa Machi akaingiza michango yote, akaifunika kompyuta bila kuifunga programu. Wiki iliyofuata alifariki mzee mmoja. Katibu akafungua daftari, likamwambia kuwa kaya ya marehemu haikulipa Machi, wala kaya nyingine yoyote.

Mwana wa marehemu alikuwa na risiti. “Shangazi,” alimwambia katibu, “baba hakukosa mwezi hata mmoja.” Katika kamati walikuwapo waliosema kwamba kompyuta haina sababu ya kusema uongo, na kwamba kanuni ni kanuni. Katibu aliiamini risiti. Mzee akazikwa siku ile, na uchunguzi ukafuata baada ya mazishi.

Maelezo yalikuwa mepesi. Katika hali ya WAL, maandishi mapya hukaa kwanza katika faili la -wal, kisha huingizwa katika faili kuu linapofikia ukubwa fulani, kwa kawaida kurasa 1000, au programu ya mwisho inapofungwa ipasavyo. Michango ya mwezi mmoja ilikuwa midogo mno kufikia kiasi hicho. Chombo cha kusawazisha kilipeleka faili kuu bila mwenzake, nayo hakikujua kuwa hayo mawili ni kitu kimoja.

Kwanza usawazishaji ulisimamishwa, kwa maana kama faili kuu la katibu lingeingia juu ya -wal la mweka hazina, yamkini yote mawili yangeharibika. Mafaili yote ya mweka hazina yakanakiliwa pamoja kando. Kisha programu ikafungwa ipasavyo, na michango ya Machi ikaingia mahali pake. Amri ya PRAGMA integrity_check ikajibu ok. Jibu hilo huthibitisha kwamba muundo wa faili ni mzima. Halithibitishi kuwa mchango fulani umo. Kwa hiyo madaftari mawili yalilinganishwa mstari kwa mstari, na yale ambayo katibu alikuwa ameyabadilisha upande wake yakaandikwa upya kwa mkono.

Ulinganisho huo ulifichua mengine. Namba za simu ziliwekwa katika safu ya tarakimu, hivyo sifuri ya mwanzo ikatoweka katika kila namba. Safu ya maandishi ndiyo iliyofaa. Tarehe ziliandikwa kila mtu kwa desturi yake, na kwa kuwa SQLite haina aina maalumu ya tarehe, zilipangwa kama maneno tu. Mtindo wa 2024-03-31 hujipanga wenyewe. Kaya mbili zilizofutwa ziliacha michango yatima, kwa sababu ulinzi wa viungo baina ya majedwali huwa umezimwa hadi uwashwe kwa PRAGMA foreign_keys = ON, tena kila hifadhidata inapofunguliwa.

Kamati haikuitupa SQLite. Ingeweza kununua huduma ya seva, lakini chama chenye mwandishi mmoja hakihitaji bawabu wa kulipwa, kinahitaji makubaliano. Sasa kompyuta moja tu ndiyo inayoandika, na faili linakaa ndani ya kompyuta hiyo, si katika folda ya pamoja. Mweka hazina hutuma orodha, katibu huiingiza. Kila Jumapili nakala hutolewa kwa amri ya VACUUM INTO, ambayo hutoa faili moja kamili hata hifadhidata ikiwa inatumika, na nakala hiyo ndiyo inayosafirishwa. Kila mwanzo wa mwezi nakala hufunguliwa kwenye kompyuta nyingine na jumla yake kulinganishwa na taarifa ya benki, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Tena orodha huchapwa na kusomwa kwa sauti mkutanoni, jina la kila kaya na mwezi wa mwisho iliolipa. Usomaji huo huchukua muda, na vijana huulalamikia. Wazee husikiliza hadi mwisho, na asiyesikia jina lake huinua mkono.