Matanga si Hukumu

Jumamosi ya tarehe 3 Agosti 2019, duka la Walmart la El Paso, Texas, lilikuwa limefurika watu. Shule zilikaribia kufunguliwa, na familia nyingi, zikiwemo zilizovuka mpaka kutoka Ciudad Juárez upande wa Mexico, zilikuja kununua madaftari na mabegi ya watoto. Kijana wa miaka 21 alikuwa ameendesha gari saa nyingi kutoka upande wa Dallas. Aliingia na bunduki, na hesabu ilipokamilika, waliokufa walikuwa 23. Kabla ya kuua alikuwa ameandika mtandaoni sababu yake: aliwachukia Walatino, akawaona ni wavamizi. Usiku wa kuamkia Jumapili, huko Dayton, Ohio, kijana mwingine aliua watu 9.

Jumatatu Rais Donald Trump alilihutubia taifa, akazitaja gemu za kikatili miongoni mwa mambo yanayotukuza umwagaji damu. Kabla wiki haijaisha, wafanyakazi wa Walmart nchini kote walikuwa wamepewa maagizo: mabango yenye picha za mapigano yashushwe, skrini zinazoonyesha gemu za kupigana risasi zizimwe. Gemu zenyewe zilibaki rafuni. Na bunduki na risasi, ambazo kampuni hiyo ilikuwa ikiziuza katika maduka yake mengi, nazo zilibaki.

Barazani kwetu habari ile ilizungumzwa siku kadhaa. Wengi wa rika langu walikuwa na jibu moja: michezo hii ndiyo inayowaharibu watoto, iondolewe madukani, ikiwezekana ichomwe moto. Sikukubaliana nao siku zile na sikubaliani nao leo, ingawa sehemu ya maneno yao naiheshimu.

Ninayoiheshimu ni ile ya adabu ya msiba. Kwetu, nyumba ya jirani ikifiwa, redio hupunguzwa sauti. Harusi iliyopangwa mtaa uleule huahirishwa, au hufungwa kimyakimya bila tarumbeta. Hakuna anayedai kwamba tarumbeta ndiyo iliyomuua marehemu. Mtu ananyamazisha nyumba yake kwa sababu mwenzake analia upande wa pili wa ukuta. Duka nalo lina majirani. Mama aliyempoteza mwanawe kwa risasi Jumamosi hapaswi kuingia kununua maziwa Jumatano akakutana na skrini kubwa inayoonyesha mtu akilengwa kichwani. Kuizima skrini hiyo ni utu, na sioni haja ya kubishia hilo.

Norway ilifanya hivyo kwa namna niliyoipenda. Ijumaa ya tarehe 22 Julai 2011, Anders Behring Breivik alilipua bomu katika eneo la ofisi za serikali mjini Oslo, kisha akavuka hadi kisiwa cha Utøya walikokuwa wamepiga kambi vijana wa chama cha Labour, akawawinda kwa bunduki. Walikufa watu 77, wengi wao vijana wadogo. Kampuni ya maduka ya Coop ikaondoa kwenye rafu bidhaa 51, zikiwemo gemu za Call of Duty na hata bunduki za kuchezea za plastiki. Mkuu wake alieleza kwamba lengo lilikuwa kuwasitiri waliofiwa, na kwamba kuzipima athari za gemu hizo ni kazi ya watu wengine wenye ujuzi zaidi kuliko wauza duka. Hapo ndipo mpaka wenyewe ulipo. Mwenye duka aliomboleza, akakataa kujifanya hakimu.

Breivik mwenyewe alidai kwamba alitumia Call of Duty kujizoeza shabaha, na wazee wengi duniani wakaishika kauli hiyo kwa mikono miwili. Lakini huyu alikuwa pia mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha mjini Oslo, silaha zake alizinunua kwa kufuata sheria, na mbolea ya kutengenezea bomu aliipata kwa kujiandikisha kuwa mkulima. Wanorway hawakuishia rafuni. Waliunda tume iliyoongozwa na wakili Alexandra Bech Gjørv, na Agosti 2012 tume ikasema wazi kwamba bomu lile lingeweza kuzuiwa kama hatua za ulinzi zilizokwisha kuamuliwa zingetekelezwa, na kwamba polisi wangeweza kumfikia muuaji mapema zaidi. Mkuu wa polisi wa nchi akajiuzulu. Watu wazima walijikagua wao kwanza, hadharani, wakiwa na uchungu wa kuzika watoto wao.

Kwingine matanga yaligeuzwa hukumu. Mwaka 2004, huko Leicester, Uingereza, kijana aliuawa na kijana mwenzake, na gemu iitwayo Manhunt ikatajwa kuwa chanzo. Wazazi waliofiwa waliamini hivyo, na sina neno dhidi yao. Aliyezika mwana ana haki ya kutafuta sababu popote. Maduka makubwa kadhaa yakaiondoa gemu ile. Polisi lakini walikuwa wamesema kwamba nia ilikuwa wizi, tena nakala ya gemu haikukutwa kwa muuaji. Kelele zile zikawafanya watu waitafute zaidi kuliko mwanzo.

Au chukueni Newtown, Connecticut, Desemba 2012, shule ya Sandy Hook, walikouawa kwa risasi watoto 20 na watu wazima 6. Wiki chache baadaye watu wa mji wa Southington, jimbo hilohilo, walipanga kukusanya gemu za kikatili kutoka majumbani ziharibiwe, kisha wakauacha mpango huo. Ripoti ya waendesha mashtaka ilipotoka, ilionyesha kwamba muuaji alikuwa na gemu za kupigana risasi nyumbani, kama walivyo nazo mamilioni ya vijana, lakini iliyomteka saa nyingi, akiicheza katika ukumbi wa sinema hadi anatota jasho, ilikuwa gemu ya kucheza dansi. Bunduki alizotumia zilinunuliwa kihalali na mama yake, naye ndiye aliyeuawa wa kwanza, ndani ya nyumba yake.

Wazee wenzangu husahau tulikotoka. Sisi ndio tuliojaa Avalon, Empress na Empire pale Dar es Salaam, tukimtazama Django akiburuta jeneza lenye bunduki ya rashasha ndani yake. Bruce Lee alipofika, kila ufukwe ulikuwa na vijana wanaorushiana mateke. Baba zetu walisema tumekwisha, sinema za Wazungu na Wachina zimetutoa akili. Waliosema hivyo walikuwa wazee wema wenye mapenzi nasi, ila walikuwa hawajawahi kuketi ndani ya ukumbi wakaona tunachokiona. Rika langu lilitoa walimu, manesi, makuli wa bandarini na mahujaji. Lilitoa majambazi pia, na hao niliowafahamu walianza na njaa, kundi la wahuni, au baba mkali wa fimbo asiye na neno jema.

Kisha wengi wetu tulipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na huko ndiko nilikojua tofauti ya picha ya bunduki na bunduki. Bunduki ya SMG ina uzito unaoukata mkono baada ya maili ya pili. Ina harufu ya mafuta ambayo haitoki kwenye vidole kwa sabuni ya mche. Siku ya shabaha bega linauma, masikio yanavuma, na afande amesimama nyuma yako anahesabu maganda ya risasi, moja moja, kwa sababu ganda likipungua kambi nzima hailali. Jioni silaha zilirudishwa ghalani, zikahesabiwa, mlango ukafungwa kwa kufuli, na jina la kila aliyeshika likawa daftarini. Hakuna aliyekwenda nayo kitandani. Kwa hiyo ninaposoma kwamba katika mji wa Winnenden, Ujerumani, Machi 2009, kijana wa miaka 17 aliua watu 15 kwa bastola ambayo baba yake aliiacha chumbani bila kufungiwa, najua swali la kwanza ni lipi. Baada ya mauaji hayo, maduka ya Galeria Kaufhof yaliamua kuacha kuuza gemu na filamu za watu wazima. Mahakama ilimtia hatiani baba, na kwangu mahakama ndiyo iliyogusa mahali penyewe.

Wapo watakaoniambia nazitetea gemu. Sizitetei. Mtaani kwetu kuna kibanda cha gemu, televisheni mbili na benchi la mbao, na watoto hulipia kwa mechi. Nimekaa mle mara kadhaa. Saa nyingi ni mpira tu, Simba na Yanga zimesahaulika kwa muda, kila mtu ni Madrid au Liverpool. Ila alasiri moja nilimkuta mtoto wa darasa la pili ameshika padi, anamkanyaga mtu kwa gari barabarani, anarudi nyuma, anamkanyaga tena. Akaniona. "Shikamoo babu." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza huyu amekukosea nini. Akafikiri, kwa kweli alifikiri, akanijibu, "Sijui babu, yupo tu." Jibu lile lilinikaa. Mtoto wa umri ule hana kazi na gemu ile, na ni sisi watu wazima tuliokuwa tukipita nje ya kibanda bila kuchungulia.

Wataalamu nao hawajasema kwamba hakuna lolote. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, mwaka 2020 kilieleza kwamba upo uhusiano mdogo lakini wa kweli kati ya gemu za kikatili na ukorofi wa kawaida, kama kufoka na kusukumana, na kikaonya kwamba ushahidi hautoshi kuzibebesha gemu mauaji. Mzazi yeyote aliyemnyang'anya mtoto padi wakati wa chakula anaijua nusu ya kwanza. Nusu ya pili inathibitishwa na Japani na Korea Kusini, nchi zilizozama katika gemu kuliko karibu zote, ambako kufa kwa risasi ni jambo adimu mno.

Alama za umri zipo. Marekani wanazo tangu 1994, baada ya maseneta kushtushwa na Mortal Kombat. Ulaya wana zao tangu 2003. Kule Marekani Mahakama Kuu iliamua mwaka 2011, majaji 7 kwa 2, kwamba jimbo la California haliwezi kukataza kwa sheria kuwauzia watoto gemu hizo, kwa kuwa nazo zinalindwa kama vitabu vinavyolindwa. Basi kule kazi imebaki kwa muuzaji anayetazama sura ya mnunuzi, na kwa mzazi anayelipa. Huku kwetu hata muuzaji huyo mara nyingi hayupo, maana gemu huja kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, bila jalada, bila alama yoyote. Kuondoa rafuni hakumsaidii mtoto ambaye hajawahi kuiona rafu.

Nikiulizwa basi maduka yafanye nini, nasema hivi. Msiba ukitokea, yazime skrini na kuondoa mabango, yaondoe hata bidhaa zenyewe kama waliofiwa wako jirani, na yakae hivyo kwa kipindi cha maombolezo. Yaseme wazi kwamba ni kwa heshima ya marehemu. Siku zote, msiba uwepo usiwepo, yasimuuzie mtoto kitu chenye alama ya wakubwa. Na duka linalouza silaha lisiguse rafu ya gemu kabla ya kushughulikia rafu ya risasi. Walmart ilifika huko mwezi mmoja baadaye: tarehe 3 Septemba 2019 ilitangaza kwamba itaacha kuuza risasi za bastola na za baadhi ya bunduki za aina inayotumika vitani. Uamuzi ule ulikuwa na uzito kuliko mabango yote yaliyoshushwa mwezi Agosti.

Nanyi wazee wenzangu wa barazani, kibanda kiko hatua chache kutoka mnapokaa. Nendeni siku moja mkaketi kwenye lile benchi. Mwulizeni mwenye kibanda gemu iliyo kwenye televisheni ni ya watu wa umri gani, na kama ni ya wakubwa, mwombeni aiondoe kabla watoto hawajatoka shule.