Stara na Shujaa

Watu wa elimu wana desturi ya kuwahurumia wapenzi wa senema. Huwaona kuwa wameuza akili zao kwa thamani ya kiingilio, na kwamba shujaa wa picha amewafunga macho kama mganga afungavyo macho ya mgonjwa wake. Wapenzi wenyewe hawajitetei, kwa sababu saa ya kujitetea wamo ndani wakitazama. Basi utetezi wao naujaribu hapa, kwa kuwa nimekaa nao benchi moja na nimeyasikia maneno yao.

Msomaji na ajue kwanza kipimo cha mapenzi yenyewe. Katika nchi ya Watamili, kusini mwa Bara Hindi, siku ya kwanza ya picha ya Rajinikanth ni sikukuu. Watu huamka kabla ya alfajiri, hupiga ngoma, hulipua fataki, na huimwagia maziwa sanamu yake iliyosimamishwa kwa kimo cha nyumba. Mtu huyo alizaliwa Bangalore tarehe 12 Desemba 1950, akaitwa Shivaji Rao Gaekwad. Na kabla ya kuonekana katika picha yake ya kwanza mwaka 1975 alikuwa kondakta wa basi. Sifa yake ilivuka bahari hata mwaka 1998 picha yake Muthu ikapendwa sana Japani, kwa watu wasiojua neno moja la Kitamili.

Wala ugonjwa huu, kama ni ugonjwa, haukuanza jana kwetu. Picha ya Raj Kapoor iitwayo Awaara, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa mno Unguja na Dar es Salaam. Kadhalika Watamili si watu wa pekee katika kumpa mchezaji wa senema madaraka. Wao walimpa M. G. Ramachandran serikali ya jimbo lao mwaka 1977; lakini Rashidi Kawawa, aliyecheza katika Muhogo Mchungu mwaka 1952, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962.

Picha ninayoisimulia ni Enthiran, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Robot. Ilitoka Bara Hindi tarehe 1 Oktoba 1. mwaka 2010, lakini Mikumi siku ya kwanza haikuhesabiwa kwa kalenda ya Bara Hindi. Ilihesabiwa kwa basi. Sahani iliteremshwa kutoka Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutiwa sauti ya mfasiri, mmoja wa mafundi wale wanaosimulia picha kwa Kiswahili juu ya maneno ya wachezaji, kazi ambayo Lufufu aliipatia jina kubwa. Haki ya mwenye picha, kwa bahati mbaya, haikupanda basi hilo. Uchaguzi mkuu wa Oktoba ulikuwa umepita, na nyuso za wagombea zilikuwa bado ukutani. Mwenye kibanda alibandika tangazo lake katikati yao, na hapana aliyeuliza nani kati ya wale atakuja kweli.

Kibanda kilikuwa cha mabati na viroba, televisheni moja na mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi 200. Mikumi ni mji wa njia kuu iendayo Zambia, ile ipitayo kati ya mbuga iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964; kwa hiyo waliojaa mle walikuwa utingo wa malori, makondakta, na vijana wauzao bidhaa madirishani mwa mabasi. Makondakta walikaa mbele kama wenye arusi. Mmoja wao aliniambia, “Huyu ni wa kazi yetu, kaka. Alikata tiketi kama mimi.” Alisema hayo bila ya wivu na bila ya tamaa, kama mtu atajaye ukoo wake. Shujaa alipotokea, miluzi ilizima sauti ya mfasiri, mabenchi yakapigwa kwa viganja, na watu wakapaza sauti, “Rudisha!” Mwenye kibanda akarudisha nyuma, na shujaa akatokea mara ya pili, akapokewa kama aliyekuwa safarini mwaka mzima.

Kisa chenyewe ni cha mtaalamu aliyeunda mashine kwa sura yake mwenyewe, na Rajinikanth ndiye mtaalamu na ndiye mashine. Mashine hiyo imesoma vitabu vyote, ina nguvu za watu mia, lakini haina moyo wa mwanadamu. Siku moja jumba linawaka moto. Mashine inaingia, inatoa watu mmoja baada ya mmoja, na umati unashangilia. Miongoni mwa waliomo ni msichana aliyekuwa akioga. Mashine inamtoa vilevile alivyo, bila ya nguo, mbele ya watu na mbele ya kamera, kisha inafurahi, kwa kuwa katika hesabu yake huyo naye ameokoka. Msichana anakimbia kwa aibu, anaingia barabarani, gari linamuua.

Mikumi, kelele zilishuka hapo. Kijana mmoja alicheka, dereva mzee akamwambia anyamaze, akanyamaza. Kisha nyimbo zikarudi na miluzi ikarudi.

Sahani ile ilikuwa na miadi Kilosa usiku uleule, nami nilikuwa na safari ya huko. Tulipanda lori, tukapita kijiji kiitwacho Ulaya, ambacho abiria hukitania kwamba ndiyo Ulaya pekee isiyotaka pasi, tukafika Kilosa mvua ikianza. Mvua ya Kilosa wakati huo haikuwa mvua tu. Mwaka mmoja nyuma, Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulibomoa kingo zake, ukaingia mjini, ukaikata Reli ya Kati, na maelfu ya watu wakahamia katika mahema. Wengi wa waliokuja kutazama usiku ule walikuwa wametoka huko. Matone yalipogonga bati, niliona watu wakigeuza vichwa juu kabla ya kuvirudisha kwa shujaa wao.

Mlangoni alikaa bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye mwenye kibanda alimwachia atazame bure. Msichana alipotolewa motoni, kibanda kizima kilinyamaza, na bibi akasema, bila ya kupaza sauti, “Angempa kanga kwanza. Kanga moja haimshindi mwenye nguvu zile.”

Kijana wa benchi la nyuma akajibu kwa adabu, “Lakini bibi, ile ni mashine. Haijui.”

“Naona, mjukuu wangu. Sisi je, tulipangwa na mashine?”

Mwenye kibanda alisimamisha picha, na hapana aliyedai ela yake. Bibi akaeleza kwa maneno machache. Waliomtoa majini usiku walikuwa jirani zake, na mmoja wao alivua shati akamfunika. Hao aliwaombea heri. Neno lake lilikuwa juu ya watu waliokuja baadaye na misaada, ambao hakuwataja kwa jina. Walimsimamisha katika mstari na nguo zake za kulalia zenye tope, wakampa blanketi, wakamwambia asijifunike kwanza mpaka apigwe picha akilipokea. Wahenga walisema, ukivuliwa nguo, chutama. Yeye alizuiwa hata kuchutama.

Picha iliendelea. Mtaalamu anatambua kwamba mashine yake imepungukiwa, anaanza kuifundisha hisia za binadamu. Na watu wa Kilosa walisikiliza sehemu hiyo kwa makini kuliko vita vyote vilivyofuata. Ndipo nilipoona kwamba mapenzi yao hayakuwa upofu. Walimpenda shujaa kiasi cha kumdai. Waliompigia miluzi akiingia motoni ndio hao hao waliomhukumu alipotoka, wala hawakuhitaji mwalimu wa kuwaonyesha kosa lilipo.

Sisi tusomao kurasa hizi tuko karibu na ile mashine kuliko tunavyopenda kusema. Tumesoma vitabu, kesho tutatumwa vijijini na karatasi za maswali, na wengine wetu na kamera, kuhesabu walioungua, waliofurika, waliohama. Hesabu ni lazima, kwani msaada usio na hesabu hupotea njiani. Walakini kabla mwanafunzi hajauliza jina la mtu, na idadi ya watoto wake, na thamani ya nyumba iliyokwenda na maji, na atazame kwanza kama yule aliye mbele yake amevaa. Na akiwa hakuvaa, aiweke kalamu chini atafute kanga.