Zimwi lilipokosa jina

Najua nimepotea, kazi za gazeti zimenibana. Leo siandiki siasa. Leo ni zimwi.

Jumamosi usiku tulikuwa wanne hapa Miembeni, Bukoba. Umeme umekatika, mshumaa mezani, tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa wasioujua, ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Unasema unataka kufanya nini, dadu inaamua kama umeweza. Madubwana kazi yao kubwa ni kuuawa.

Basi mshikaji mmoja akagoma. Amechoka kuwa shujaa mwenye upanga, anataka kuwa zimwi. Lile la bibi zetu, linalomtia binti ndani ya ngoma na kumzungusha vijijini aimbe ili lenyewe lishibe.

Wala si jambo jipya. Vijitabu vya 1974 vilisharuhusu mchezaji awe hata joka, mradi aanze mdogo na dhaifu. Mwaka 1978 chotara wa orc na binadamu aliingia kwenye orodha ya wahusika. Mwaka 2003 kikatoka kitabu kizima cha shughuli hiyo, Savage Species, na katika toleo la 2024 orc kamili yumo tangu mwanzo. Siri ni kwamba dubwana halipewi nguvu zote siku ya kwanza. Zinagawiwa ngazi kwa ngazi, la sivyo wenzake watabaki watazamaji.

Tukagawa. Ngazi ya kwanza, pua: linanusa mtu toka mbali. Ngazi ya tatu, ngoma. Njaa yake tukaihesabu kwa punje za kahawa ya kutafuna, kila siku inapungua moja. Kisha tukafika kwenye karatasi ya mhusika. Jina? Kwao wapi? Anaogopa nini? Tukakwama karibu nusu saa. Bibi zetu hawakutusimulia hayo, na sisi hatukuuliza.

Tukabuni. Kufika saa tano nikagundua kitu. Tulianza na "linakula", sasa kila mtu anasema "anakula". Hakuna aliyetuamuru.

Jamani, hapo ndipo nilipomkumbuka kikongwe mmoja. Nilipoanza kazi niliandika habari ya bibi aliyefukuzwa kijijini kwa tuhuma za uchawi, eti macho yake mekundu. Kanda hii ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu hiyo hiyo, wakati wekundu huo mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka nenda rudi. Nilihoji majirani. Nilimnukuu kijana akisema "lile jizee". Bibi mwenyewe alikuwa amekaa hatua chache kutoka niliposimama, na sikumsogelea. Habari yangu ilitoka ikiwa na uchawi wake wote, jina lake halimo.

Zimwi la kwenye karatasi nililiuliza linaogopa nini. Yeye sikumuuliza.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakusema kama na sisi tunapaswa kulijua.

Wiki ijayo nina siku mbili za mapumziko. Nitarudi kumtafuta, sijui kama yu hai. Nikimkuta nitakaa chini kwanza. Shikamoo, bibi. Jina lako nani?