Swala Tuliyemwacha Nyabushozi

Atokaye Kampala kwenda Mbarara huvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, hupita Masaka, na akishaiacha Lyantonde nyuma huanza kuiona nchi ikibadilika. Migomba hupungua. Vilima huwa vya nyasi na migunga, na kando ya barabara hutokea ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu hata mtu hujiuliza shingo zao zinawezaje kuzibeba. Hiyo ndiyo Nyabushozi, nchi ya wafugaji. Abiria wengi wa basi huipita wakiwa usingizini, wameshiba kuku wa kuchoma wa Lukaya.

Mimi sikulala, kwa sababu safari yangu ya mwezi wa Julai mwaka 2018 iliishia huko huko. Nilikuwa nimetumwa kuangalia daftari la kijiji kimoja kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, ambacho hupata sehemu ya fedha zinazolipwa na wawindaji wenye leseni. Kazi ya daftari haikuchukua hata nusu siku. Kilichonifanya niandike habari hizi ni asubuhi moja niliyofuatana na wawindaji hao, nikamwona swala dume ambaye mimi, lau ningekuwa na bunduki, ningalimwua bila kufikiri mara mbili.

Swala mwenyewe ni swala pala. Waganda humwita empala, na wazee husema kwamba vilima vya mji wetu mkuu viliitwa kwa jina lake kwa kuwa hapo zamani alikuwa akilisha huko. Leo mkazi wa Kampala anayetaka kumwona mnyama aliyeupa mji wake jina hana budi kusafiri kiasi cha kilomita 230 hadi Mburo, maana huko ndiko makundi makubwa yaliko.

Hata huko, kubaki kwake si jambo la kawaida. Katika miaka ya 1950 na 1960 Serikali iliwaua wanyama wengi wa Ankole kwa risasi ili mbung'o wakose damu ya kunywa. Mburo, lililokuwa eneo la uwindaji wa masharti tangu mwaka 1933 na pori la akiba tangu mwaka 1963, lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na maelfu ya watu wakaondolewa kwa nguvu. Vita vilipoigeuza nchi mwaka 1985 na 1986, watu walirudi kwenye ardhi yao wakiwa na uchungu, na wengine wakawaua wanyama makusudi, ili pasiwe na sababu ya kuwa na hifadhi tena. Baadaye hifadhi ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa kwanza. Na kila mtu mzima wa nchi hii anajua bunduki za vita ziliwafanya nini wanyama wetu katika miaka ile. Sina haja ya kulifungua jeraha hilo mbele ya wasomaji wa gazeti hili.

Uwindaji wa leseni, uliokuwa umefungwa nchini kote mwaka 1979, ulifunguliwa tena kwa majaribio mwaka 2001, na mahali pa kuanzia palikuwa hapa, katika mashamba ya mifugo yanayozunguka Mburo. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Swala hajui mpaka wa hifadhi. Hulisha nyasi za mfugaji, hunywa katika bwawa alilolichimba mfugaji, na mfugaji hapati kitu. Ikafikiriwa kwamba madume machache yakiwindwa kwa malipo, na sehemu ya malipo ikaenda kwa wenyeji, mfugaji atamwona swala kama mali, asimwone kama mwizi wa majani.

Tuliondoka kabla ya saa kumi na mbili, umande ukiwa bado mzito. Tulikuwa watano: mgeni mwenye leseni, aliyetoka Ulaya, kiongozi wake wa uwindaji, askari wa wanyamapori mwenye cheo cha koplo, kijana mchungaji wa shamba lile, na mimi mwenye daftari. Ilikuwa siku ya mwisho ya mgeni. Alikuwa amelipia safari na vibali, na katika karatasi yake alibakiwa na swala pala mmoja tu, dume. Koplo alimkumbusha masharti kwa sauti ya chini: jike asiguswe, na mnyama akitoka damu amehesabiwa, apatikane asipatikane.

Tuliwakuta kwenye saa moja na nusu. Walikuwa madume saba, wamesimama karibu na kichuguu kikubwa, jua likiwapiga ubavuni. Makundi ya namna hiyo ni ya makapera. Dume mwenye nguvu hukaa na majike mahali pake na kuwafukuza madume wengine, nao waliofukuzwa huishi pamoja, vijana kwa wazee, wakingojea zamu au wakiwa wameshaimaliza. Kwa sababu hiyo mwindaji mwenye busara hutafuta kwanza katika makundi haya. Humo humo yumo mzee ambaye pembe zake zimechakaa na siku zake zimebaki chache, na humo humo yumo kijana ambaye hajaanza lolote. Kuwatenganisha hao wawili ndiyo kazi yenyewe.

Mmoja alikuwa ametuelekea, hatua kama mia moja na ishirini. Kiongozi alinipa darubini. Niliona pembe zimepanda juu ya masikio na kupanuka vizuri huku na huku. Nikasema moyoni, huyo ndiye. Mgeni naye alikwisha simamisha fito zake tatu zilizofungwa pamoja, bunduki imelala juu yake, na shavu lake limegusa kitako.

Koplo akasema, "Bado."

Hakusema zaidi. Tulisimama. Wale wasomaji waliofundishwa shabaha wanajua jinsi dakika moja inavyokuwa ndefu mtu akiwa ameshalenga. Mabega huanza kuchoka, pumzi haikai, na kidole hutaka kumaliza kazi ili mwili upumzike. Nilimwona mgeni akimeza mate. Koplo alikuwa akingoja jambo moja tu, swala ageuze kichwa, kwa maana pembe zikitazamwa kutoka mbele huonyesha upana, lakini hazionyeshi mviringo, na umri wa swala pala uko kwenye mviringo.

Swala akageuza kichwa. Hapo hata mimi, baada ya kuelezwa, niliona. Pembe za dume huanza kama vijiti viwili vilivyonyooka. Baadaye huinama kwenda nyuma na kutanuka nje, na akikomaa kabisa ncha zake hupinda tena kuelekea juu, zikafanya umbo kama la zeze. Huyu wetu alikuwa amefika katikati ya safari hiyo. Ncha zilikuwa bado zinaangalia nje, kali, hazijachakaa. Shingo yake ilikuwa nyembamba karibu kama ya jike, tofauti na shingo nene ya dume aliyezoea kupigana. Koplo alikadiria kwamba alikuwa na umri wa miaka miwili, au zaidi kidogo. Swala pala huchukua kama miaka minne kabla hajaweza kushika mahali pake na kukaa na majike.

Nilikumbuka miaka yangu ya ualimu. Katika darasa la nne palikuwa na kijana aliyewapita wenzake wote kwa kimo, na kila mara tulimpa kazi za kubeba madawati na kuchota maji, hata siku mama yake alipokuja na kadi ya kliniki tukaona kwamba alikuwa mdogo kuliko nusu ya darasa. Kimo kilikuwa kimetudanganya. Nilisoma cheti changu cha ualimu kwa bidii, lakini somo la kumtazama mtu ubavuni sikulipata chuoni.

Mgeni aliuliza, bila kuondoa jicho, kama inamkatazwa. Koplo alijibu, "Leseni yako inasema dume, na huyo ni dume. Mimi ninakuambia tu kwamba ni kijana. Uamuzi ni wako, bwana."

Nilipata kulifikiria jibu hilo siku nyingi baadaye. Angeweza kusema uongo, aseme ni marufuku, na jambo likaisha. Badala yake alimwachia mwenye bunduki mzigo wake wote.

Mgeni alikaa kimya. Kisha akainua kichwa, akafunga usalama, akafungua bunduki na kuitoa risasi chemba, akaitia mfukoni. Swala saba wakaendelea kula. Yule kijana alijikuna shingo kwa kwato ya nyuma, akafuata wenzake nyuma ya kichuguu.

Tulimtafuta dume mzee mpaka jioni. Tulipata majike wengi, na dume wao akiwakimbiza huku akinguruma kwa sauti ambayo mtu asiyemjua angedhani ni ya mnyama mkali. Koplo hakutaka huyo aguswe wakati ule. Karibu na bonde tulipata mtego wa waya, umefungwa kwenye mti mdogo katika njia ya wanyama, nao mchungaji akaukunja na kuutia begani kama mtu aliyezoea kuiokota. Jua likazama. Mgeni aliondoka usiku ule kwenda Entebbe bila swala. Na kwa kuwa ada ya mnyama hulipwa mnyama akipatikana, hapakuwa na ada. Nyama, ambayo kwa desturi yao waligawiwa watu wa kijiji, haikuwapo pia. Kina mama wawili waliokuwa wamekuja na beseni walirudi nayo tupu.

Nililala nyumbani kwa mwenye shamba. Ni mzee wa wafugaji wa huko, na kama wazee wengi wa kabila lake yeye mwenyewe hali nyama ya porini. Alinipa maziwa katika chombo cha mti kiitwacho ekyanzi, kilichofukizwa moshi mzuri, akanisikiliza nikimsimulia habari za asubuhi. Nilidhani atafurahi.

"Mwanangu," akasema, "huyo swala amekula majani yangu miaka miwili. Amekunywa bwawa langu. Leo alikuja mtu na fedha mkononi akitaka kumlipia, nanyi mkamwambia ni mtoto. Je, chui atamwuliza miaka yake? Ule waya aliouleta kijana, ulikuwa unauliza?"

Koplo alikuwa ameketi mlangoni akisafisha viatu. Alisema kwa heshima, "Mzee, ndama wako dume mzuri, ukimwuza akiwa na miezi sita, utapata fedha. Mwaka ujao utapandisha kwa nini?"

"Ndama wangu namfunga zizini usiku," mzee akajibu. "Swala wako analala wapi?"

Koplo hakuwa na jibu la haraka, na mimi sikuwa na hata la polepole. Naungana na Koplo. Kundi ambalo vijana wake huliwa kwanza halidumu, na pembe nzuri za kesho hutoka kwa yule anayeachwa leo. Isitoshe, wageni hawaji Nyabushozi kutafuta pembe nusu, na mwaka wakikosa zilizokomaa hawatarudi tena, na bwawa la mzee litabaki na wanyama wale wale bila mlipaji. Lakini hesabu hiyo ni ya miaka mitatu au minne mbele, na mzee alikuwa akihesabu ya jioni ile. Anayeombwa kungoja ni yeye, wala si sisi tuliokuja na gari la ofisi. Kina mama wenye beseni sikuwauliza maoni yao. Nilipaswa kuwauliza.

Asubuhi nilikamilisha daftari kabla ya kuondoka. Mwezi wa Julai, katika safu ya swala pala, niliandika: hakuna. Mzee, ambaye anasoma vizuri kuliko alivyopenda kuonyesha, alivaa miwani yake akatazama juu ya bega langu.

"Andika pia kwamba alikuwapo," akasema, "na kwamba mliondoka mkamwachia mimi."

Daftari halikuwa na safu ya jambo la namna hiyo. Niliandika pembeni, kwa herufi ndogo, tarehe na maneno mawili: dume kijana. Kisha nikamwomba Koplo aweke sahihi chini yake, naye akaweka.