Pafu moja la mama lilipolazwa usingizi

Mwaka wa 2019 madaktari waliamua kumkata mama sehemu ya chini ya pafu la kulia. Kifua kikuu alichougua ujanani kilipona zamani, lakini kiliacha sehemu hiyo imeharibika, na sasa alikuwa akikohoa damu.

Kisu sikukiogopa sana. Kilichonikosesha usingizi, msomaji, ni maneno ya daktari wa nusukaputi: eti wakati wa upasuaji mama angepumua kwa pafu moja tu!

"Mbona mumnyime pumzi mtu ambaye tayari anaitafuta?" nilimuuliza kwa ukali.

Hakukasirika. "Dada, umewahi kukata kitambaa kinachopeperushwa na upepo?" Pafu linalojaa na kunywea, alisema, ni vigumu kulipasua. Isitoshe, damu ya upande mgonjwa ingeweza kumwagikia ule mzima. Kwa hiyo angemtia mama kooni mrija wenye njia mbili, kila pafu na njia yake, kisha afunge moja.

Taabu ni kwamba damu huendelea kupita katika pafu lililofungwa, ikatoka bila oksijeni. Lakini mwili una maajabu yake: mishipa ya pafu lisilo na hewa hujibana yenyewe, na damu nyingi ikaelekea upande wa pili. Mgonjwa naye hulazwa kwa ubavu, pafu zima likiwa chini, ambako damu huteremkia. Wala mashine haishindilii pafu moja hewa ya mawili, kwani litaumia. Kwa mama mwenye kilo 60, kila pumzi ingekuwa kama mililita 300. Chupa ndogo ya soda, basi!

Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Na hilo lililolala, nani ataliamsha?"

"Mimi, mama. Kabla kifua hakijafungwa nitalijaza hewa polepole, nikiliangalia kwa macho yangu."

Mama akatia sahihi.

Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Baadaye daktari alitueleza kwamba katikati ya kazi mrija ulisogea, oksijeni ikashuka kutoka 98 hadi 86 kwa mia. Mpasuaji aliombwa asimame, mapafu yote mawili yakapewa hewa, kamera nyembamba ikapitishwa ndani ya mrija, nao ukarudishwa mahali pake. Heri sikuambiwa nikiwa bado pale bençini.

Jioni nilimkuta mama sauti imemkwaruza, mrija wa kutoa damu ubavuni, muuguzi akimhimiza avute pumzi ndefu.

"Muulize yule daktari wako wa soda," alininong'oneza, "kama ameliamsha kweli."