Fia, Ukuta na Mpaka: Kujisahihisha Kuhusu Waewe

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba wakoloni waliukata ufalme wa Waewe vipande viwili, kimoja Ghana na kingine Togo. Kauli hiyo ilipendeza darasani. Sasa nakiri kosa langu: ufalme mmoja wa Waewe haukuwapo hata ukatwe. Waewe walikuwa na nchi ndogo nyingi, kila moja na fia wake (msomaji asilihusishe neno hili na kitenzi chetu cha kufa) na kiti chake cha enzi. Awoamefia wa Anlo hakuwa na amri juu ya watu wa Ho.

Kinachowaunganisha ni masimulizi ya Notsé, mji ulioko Togo. Yasemekana mababu waliishi humo, ndani ya ukuta, chini ya Mfalme Agokoli, hata ukatili wake ukawachosha. Wanawake wakawa wanamwaga maji machafu mahali pamoja ukutani mpaka udongo ukalainika. Ukuta ukatobolewa, watu wakatoka usiku wakienda kinyumenyume, ili nyayo zao zionekane kuwa zinaingia mjini. Waanlo huliadhimisha tukio hilo mjini Anloga, upande wa Ghana, katika sikukuu ya Hogbetsotso iliyoanzishwa mwaka 1962. Ajabu iliyoje! Machifu huketi kwa fahari kuikumbuka safari ya kumkimbia mtawala.

Mpaka nao una historia yenye mikunjo. Waanlo walitiwa katika koloni la Waingereza mwaka 1874, miaka 10 kabla Wajerumani hawajaitwaa Togo. Watu wa Ho walitawaliwa na Wajerumani, kisha na Waingereza. Kura ya mwaka 1956 ikawapeleka Ghana, ingawa wapigakura wengi wa kusini mwa Togo ya Waingereza waliukataa muungano huo.

Kwa maoni yangu, kilichogawanyika hasa ni chimbuko la uhalali wa fia. Katiba ya Ghana ya mwaka 1992 inalizuia Bunge lisiipe serikali mamlaka ya kumtambua chifu wala ya kumvua utambuzi huo. Huko Togo, kwa mkondo ulioachwa na Wafaransa, chifu wa kantoni ni sehemu ya utawala wa serikali, nayo ndiyo humtambua. Basi ndugu wawili, mmoja Aflao na mwenziwe ng'ambo ya kizuizi, Lomé, wakilitamka neno fia hawakusudii cheo kile kile.

Somo lile sasa nalianzia ukutani Notsé. Ramani naitundika baadaye.