Watoto Wakiuliza Habari za Tabora

Akina mama wapendwa, sisi wa Nzega huenda Tabora kwa harusi, kwa misiba na kuwapeleka watoto shule. Lakini mara ngapi tumewaeleza watoto habari za mji ule?

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa walipitishwa hapo kwenda pwani, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo; tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakauteka mji. Majeshi ya pande zote yaliwachukua wanaume kubeba mizigo, na maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Sarafu zile zimetunzwa hadi leo. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote, ingawa kila mmoja alikuwa na mama, na wengi waliacha wake na watoto.

Waisraeli walipovuka Yordani walisimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na la kuwajibu. Nasi tuwaulize wazee wa ukoo wangali hai, tuyaandike majina ya waliochukuliwa wasirudi. Tuwaombee na watoto wetu wayajue. Mungu atusaidie.